Ujana wa Bwana Muhammad Ali Jinnah, Wakili wa Bombay

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazee wa chama chetu waliponitaka niandike katika kijitabu hiki cha ukumbusho habari za mtu mmoja mashuhuri katika Waislamu waliotangulia, kwanza nalifikiri habari za masheikh na wanazuoni, kama ilivyo desturi yetu. Lakini vijana wetu wengi siku hizi wanasoma sheria, na wazazi wao huja kwangu kuniuliza kama kazi ya uwakili inamfaa Mwislamu. Wengine huja na swali zito zaidi, la kijana aliyempenda msichana wa dini nyingine. Kwa sababu hiyo nimeona heri niandike habari za Bwana Muhammad Ali Jinnah, aliyeiasisi Pakistan katika mwaka wa 1947. Habari za Pakistan zinajulikana, nami sitazirudia. Nitaeleza habari za yule kijana kabla hajawa mkuu wa taifa: alikotoka, namna alivyoianza kazi yake, na namna alivyooa.

Nami napenda msomaji ajue tangu mwanzo kwamba Bwana Jinnah hakuwa mwanachuoni. Alivaa suti za Kizungu zilizoshonwa vizuri, alisema Kiingereza kuliko lugha nyingine yo yote, na wala hakuhesabiwa katika watu wa ibada nyingi. Tukimsifu, na tumsifu kwa yale aliyokuwa nayo.

Asili ya jamaa zake ni kijiji cha Paneli, katika milki ndogo ya Gondal, nchi ya Kathiawar, huko Gujarat. Walikuwa Makhoja wa madhehebu ya Ismailia, watu wa biashara. Sisi wa nchi hizi tunawajua vizuri watu wa asili hiyo, kwa maana waliivuka bahari zamani wakaja Unguja, wakapanda bara mpaka Uganda na kwenye maziwa makuu. Marehemu Allidina Visram, ambaye maduka yake yalienea njia nzima kutoka pwani mpaka Uganda, alikuwa Khoja wa Kera, katika nchi ya Cutch iliyo jirani na Kathiawar. Baba yake Bwana Jinnah, aliyeitwa Jinnahbhai Poonja, naye aliondoka kijijini kutafuta riziki, ila yeye alielekea kaskazini, akashukia Karachi. Kama angalipanda jahazi la kwenda Unguja, kama walivyofanya wenziwe wengi, huenda mwanawe angalifungua duka katika moja ya miji yetu hii, na historia ya Bara Hindi ingalikuwa nyingine. Hayo ni mambo ya kadari.

Karachi wakati ule ulikuwa mji mdogo wa bandari uliokuwa ukikua upesi, hasa tangu Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka wa 1869. Hapo ndipo alipozaliwa Muhammad Ali, tarehe 25 Desemba 1876, mtoto wa kwanza katika watoto saba wa Jinnahbhai na mkewe Mithibai. Jina la Jinnah lilikuwa jina la utani la baba yake, nalo katika Kigujarati maana yake ni mtu mwembamba. Mwana alirithi jina, akarithi na wembamba, hata alipokuwa mtu mzima watu walimshangaa kwa urefu wake na mwili wake usio na nyama.

Alitiwa katika skuli ya Sind Madrasatul Islam, iliyoanzishwa Karachi mwaka wa 1885 na Bwana Hassan Ali Effendi ili watoto wa Kiislamu wapate elimu ya dini pamoja na elimu ya kisasa mahali pamoja. Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Alipelekwa kwa shangazi yake Bombay akasome huko, akarudi. Alihamishiwa skuli ya wamisionari, na hapo pia hakukaa sana. Lakini ile madrasa hakuisahau: katika wasia wake aliouandika mwaka wa 1939 aliipa fungu la mali yake, pamoja na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Aligarh na Chuo cha Kiislamu cha Peshawar. Nawaomba waliosoma katika madrasa yetu, ambao leo wana magari na majumba, waisome tena sentensi hiyo.

Baba yake alikuwa akifanya biashara pamoja na kampuni moja ya Kiingereza, na mkubwa wa kampuni ile, Sir Frederick Leigh Croft, alijitolea kumpeleka kijana London ajifunze kazi ya biashara. Mama yake aliogopa. Mama zetu wa huku wanaijua hofu hiyo, kwamba mtoto akienda Ulaya atarudi na mke wa Kizungu, au hatarudi kabisa. Basi akashika shauri kwamba hatasafiri mpaka aoe. Kijana hakubisha. Jamaa wakaenda Paneli, akaozwa binti wa ukoo wao aliyeitwa Emibai, naye Muhammad Ali akikaribia umri wa miaka 16. Kisha akapanda meli. Hakumwona tena mkewe wala mama yake, kwa kuwa wote wawili walifariki yeye akiwa ng'ambo. Ndoa ile ilikuwa ya kumridhisha mzazi, nayo ikaisha kabla haijaanza. Mimi huitaja kwa sababu wengi wanaosimulia mapenzi yake ya baadaye humsahau kabisa yule binti wa kijijini, naye alikuwa mkewe wa halali.

Alipofika London hakudumu katika ofisi ya biashara. Aliiacha kazi ya vitabu vya hesabu akaingia kusoma sheria Lincoln's Inn, kimoja katika vyama vinne vya kale vya mawakili wa Kiingereza, mwezi wa Juni 1893. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikichagua chama kile kwa kuwa mle ndani jina la Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, limewekwa miongoni mwa watoa sheria wakubwa wa dunia. Hakika ni kwamba katika ukumbi mkubwa wa Lincoln's Inn kuna picha kubwa ya ukutani ya watoa sheria, na mchoraji amemtia Mtume wetu ndani yake. Sisi Waislamu hatuikubali picha ya namna hiyo. Nadhani ndiyo sababu Bwana Jinnah aliposimulia mbele ya Waislamu wenziwe alitaja jina, asitaje picha.

Katika miaka hiyo alihudhuria Bunge la Kiingereza kusikiliza majadiliano, maana mwaka wa 1892 Bwana Dadabhai Naoroji, mzee wa Kiparsi wa Bombay, alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge wa London. Alipenda pia michezo ya kuigiza, hata akataka kuifanya kuwa kazi yake. Baba yake akamwandikia barua ya kumkemea, naye akaacha. Faida aliyoipata katika mapenzi hayo ni ufundi wa kusimama mbele ya watu, kujua wakati wa kunyamaza na wakati wa kuinua sauti, na ufundi huo ulimsaidia kortini maisha yake yote. Mwaka wa 1896 aliandikishwa kuwa wakili, naye hajatimiza miaka 20.

Akarudi kwao akakuta nyumba imeingia giza. Mama amekwisha kufa, mke amekwisha kufa, na biashara ya baba imeanguka na madeni yamewazunguka. Ingalikuwa rahisi kukaa Karachi katika kivuli cha jina la baba. Yeye akaenda Bombay, mji mkubwa wenye mawakili wengi, akaandikishwa katika Korti Kuu mwezi wa Agosti 1896. Wakati ule hapakuwa na wakili mwingine wa Kiislamu wa daraja yake katika mji ule.

Hapa nawaomba vijana wetu wasome polepole. Kwa muda wa miaka 3 hakupata kazi ya maana. Alikwenda kortini kila siku nguo zimepigwa pasi, akarudi mikono mitupu. Baba yake anadaiwa, wadogo zake wanamtegemea, na yeye mtoto wa kwanza hana cha kupeleka nyumbani. Mwenye kujua hali ya kijana aliyerudi na shahada, watu wote wakimtazama kwa matumaini, atafahamu uzito wake. Mwishowe Bwana John Molesworth MacPherson, aliyekuwa kaimu Mwanasheria Mkuu wa Bombay, alimruhusu kusoma na kufanya kazi katika ofisi yake, na hilo lilikuwa jambo ambalo Mhindi hakupewa kabla yake.

Mwaka wa 1900 nafasi ya hakimu ilipatikana Bombay kwa muda, Jinnah akaitwa aishike, akaifanya kwa miezi 6. Muda ulipokwisha, Sir Charles Ollivant wa serikali akampa shauri la kumwajiri moja kwa moja kwa mshahara wa rupia 1,500 kwa mwezi. Zilikuwa fedha nyingi kwa kijana wa miaka 23 aliyekwisha kuionja njaa. Akakataa kwa adabu, akasema kwamba anatumaini kuzipata fedha hizo kwa siku moja. Ukimsikia kijana akisema hivyo leo utamwita mwenye kiburi, na kwa kweli kiburi hakikumpungukia. Ila haikupita miaka mingi akazipata. 

Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyemlea ndugu yake Fatima, aliyezaliwa mwaka wa 1893. Akamsomesha mpaka akawa daktari wa meno, ingawa jamaa wengi waliona si desturi kumpeleka msichana wa Kiislamu katika skuli ya bweni.

Kuhusu kazi zake za kortini sitaki kurefusha. Mwaka wa 1908 Bwana Bal Gangadhar Tilak, Mhindu mwenye siasa kali, aliposhtakiwa kwa uchochezi, Jinnah alijaribu kumwombea dhamana akashindwa, na Tilak akafungwa miaka 6 huko Mandalay, Burma. Mwaka wa 1916 Tilak alishtakiwa tena, na safari hiyo Jinnah akashinda. Hakuulizwa dini ya anayemtetea, wala yeye hakuiuliza.

Lakini iko kazi moja ambayo Waislamu wa Afrika ya Mashariki wana haki ya kuijua, nayo ni habari ya wakfu. Tangu zamani Mwislamu aliweza kuifunga mali yake, nyumba au shamba, ili manufaa yake yawaendee watoto wake na watoto wa watoto wake, na kizazi kikikatika yawaendee maskini. Kwetu sisi kumpa jamaa ni sadaka, tena ni sadaka bora. Katika mwaka wa 1894 majaji wa Baraza la Mfalme huko London, waliokuwa korti ya mwisho ya rufani kwa makoloni yote, walihukumu katika shauri lililotoka Bengal kwamba wakfu wa namna hiyo ni batili, kwa kuwa maskini wamewekwa mbali mno na sehemu yao ni ya jina tu. Hukumu ile ilitikisa nyumba za Waislamu Bara Hindi nzima. Majaji walijua sheria ya Kiingereza juu ya amana, lakini maana ya sadaka katika dini yetu hawakuijua.

Jinnah alichaguliwa na Waislamu wa Bombay kuingia katika Baraza Kuu la Kutunga Sheria mwaka wa 1910. Mwaka uliofuata alileta mswada wa kuurudishia wakfu wa jamaa uhalali wake, akaushughulikia kwa miaka 2, neno kwa neno na kifungu kwa kifungu, mpaka ukawa sheria mwaka wa 1913. Wanazuoni walikuwa wamelia na kuandika, na haki ilikuwa yao, lakini aliyeujua mlango wa kuingilia alikuwa wakili huyu asiye mwanachuoni. Wazazi wanaoniuliza juu ya uwakili, jawabu langu ni hilo. Na msomaji asidhani kwamba jambo lile lilikuwa la Wahindi peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza lile lile la London liliifuata hukumu ya 1894 katika shauri la wakfu lililotoka Kenya, likaubatilisha, kwa sababu sheria ya Jinnah haikuwa na nguvu ng'ambo ya Bara Hindi. Kenya nayo ikahitaji kutunga sheria yake ya kuuhalalisha wakfu wa jamaa.

Sasa nifike katika habari ya ndoa.

Bwana Jinnah alikuwa na rafiki Bombay, Sir Dinshaw Petit, tajiri wa viwanda vya nguo, Mparsi. Waparsi ni watu wa asili ya Uajemi wafuatao dini ya kale ya Zarathushtra, nao wakati ule walilinda sana kabila yao, hawakupenda kuoa nje wala kuolewa nje. Sir Dinshaw alikuwa na binti, Rattanbai, aliyeitwa Ruttie na jamaa zake, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1900. Alikuwa mzuri wa sura, msomaji mkubwa wa mashairi, na mwenye uchungu wa kutaka nchi yake ijitawale. Mwaka wa 1916 familia ilikwenda kupumzika Darjeeling, kwenye milima ya baridi, na Jinnah alialikwa. Hapo yeye, mtu wa miaka 39, mjane wa miaka mingi, aliyekuwa akidhaniwa kuwa amekwisha kuoa kazi yake, alimpenda msichana wa miaka 16, na msichana akampenda yeye. Umri wao ulipitana sana, na mimi, kama mzazi, naelewa kwa nini baba alikasirika.

Jinnah akaiendea posa kama anavyolikabili shahidi kortini. Alimwuliza Sir Dinshaw ana maoni gani juu ya watu wa dini mbalimbali kuoana. Mzee akajibu kwamba ni jambo jema, litawaunganisha watu wa nchi. Hapo hapo Jinnah akaomba posa ya binti yake. Sir Dinshaw alighadhibika, akakataa katakata, urafiki ukavunjika. Baadaye akaenda kortini, akapata amri ya kumzuia Jinnah asionane na binti, kwa kuwa hajafikia umri wa kisheria wa miaka 18.

Jinnah angaliweza kufanya hila, maana wenye hila walikuwa wengi na yeye aliijua sheria kuliko wote. Aliitii amri. Akangoja mpaka mwaka wa 1918.

Palikuwa na kizuizi kingine. Sheria ya ndoa ya serikali ya mwaka wa 1872 iliwaruhusu watu wa dini mbili kuoana ikiwa tu kila mmoja ataapa kwamba hana dini yake. Mwaka wa 1912 Jinnah alikuwa ameunga mkono katika Baraza mswada wa kuirekebisha sheria ile, na Waislamu wengi wakamlaumu. Mimi pia ningalimlaumu. Mswada haukupita. Basi lilipomfika yeye mwenyewe, alikuwa na njia mbili: kuikana dini yake mbele ya serikali, na pamoja nayo kiti alichopewa na Waislamu, au bibi kusilimu. Na sheria yetu inajulikana, kwamba jumhuri ya wanazuoni hawawahesabu Waparsi katika watu wa Kitabu, hivyo nikaha haisihi mpaka bibi asilimu. Hakuikana dini.

Ruttie alitimiza miaka 18. Tarehe 18 Aprili 1918 alisilimu katika Msikiti wa Jamia wa Bombay, na siku ya pili yake, tarehe 19, wakafungishwa nikaha nyumbani kwa Jinnah huko Malabar Hill. Mahari yaliandikwa rupia 1,001, na juu yake bwana harusi akampa mkewe zawadi ya rupia 125,000. Katika jamaa za bibi hakuhudhuria hata mmoja. Waparsi wakamtenga, na baba yake akawa kama aliyefiwa. Mwanzo wa ndoa yao ulikuwa wa furaha. Mwishoni mwa mwaka huo huo Jinnah alipoongoza watu wa Bombay kupinga gavana aliyekuwa akiondoka asijengewe ukumbusho, mkewe alikuwa pamoja naye, na watu wakachanga rupia moja moja wakajenga ukumbi kwa jina la Jinnah. Mwezi wa Agosti 1919 alizaliwa London mtoto wao wa pekee, Dina.

Furaha haikudumu, na si haki nifiche. Mume alikuwa mtu wa mafaili, safari na mabaraza, akirudi usiku na kazi mkononi. Mke alikuwa kijana, ameacha baba, mama, dini na kabila kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo hayupo nyumbani. Afya yake ikaharibika. Mwaka wa 1928 walitengana bila ya talaka. Alipougua sana Paris mwaka huo, Jinnah aliacha safari yake akaenda kumwuguza, lakini hawakurudi kukaa nyumba moja. Alifariki Bombay tarehe 20 Februari 1929, siku aliyotimiza miaka 29. Jinnah alikuwa Delhi, akaja kwa gari la moshi. Kaburini, alipoitwa atie udongo kwanza, mtu yule ambaye hakuna aliyepata kumwona akilegea kortini wala barazani, alilia mbele ya watu.

Fatima aliacha kazi yake ya meno akahamia kwa kaka yake kumtunzia nyumba, akakaa naye mpaka mwisho. Mwaka wa 1938 Dina alitaka kuolewa na mtu wa asili ya Kiparsi asiye Mwislamu. Jinnah akampinga kwa ukali, kama Sir Dinshaw alivyompinga yeye, naye Dina akaolewa vivyo hivyo.

Bwana Jinnah alifariki tarehe 11 Septemba 1948 katika mji aliozaliwa, Karachi, akazikwa huko. Kaburi la mkewe liko Mazagaon, Bombay, katika makaburi ya Makhoja wa Ithnaashari, na baina ya makaburi hayo mawili umepita mpaka wa nchi mbili.